Kichupa cha Mapera na Ngozi

Katika daftari langu la wakati ule kuna ukurasa wenye maneno mawili niliyoyapigia mstari kwa nguvu hata wino ukatokea upande wa pili: matunda matupu. Juma hili nimeyasoma tena. Mwandiko ni wangu, sina wa kumsingizia. Kwa maneno hayo mawili nilikaribia kumtoa mama mmoja nyumbani kwake, na hakuwa amenikosea lolote.

Nilikuwa mchaguzi wa ngozi hapa Mwanza, miaka ile ya Mwingereza kabla ya vita ya pili. Tajiri wangu alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa papa hapa mjini. Mbele alikuwa na duka la khanga, sabuni, sufuria, na manukato ndani ya kabati la kioo. Nyuma, ukivuka ua, palikuwa na godauni la ngozi, na juu ya duka ndiko walikokaa yeye na watu wake. Ngozi zilitufikia kutoka Usukuma yote, nyingine kichwani mwa mtu aliyetembea nazo tangu Buswelu, nyingine kwa lori. Kazi yangu ilikuwa kuifunua ngozi mezani, kuipitishia kiganja, kuiinamia na kuinusa, kisha kuitia alama ya rangi: mstari mmoja daraja la kwanza, miwili la pili, mitatu la tatu.

Kulikuwa na sheria niliyoikuta kazini: ngozi ikishatiwa alama hairudi mezani. Mwenye nayo angeweza kulia, kuapa, hata kuleta wajomba zake, hairudi. Sababu yake ilikuwa njema. Ukimrudishia mmoja kwa kuwa amelia, yule aliyeondoka kimya umemdhulumu. Niliishika sheria hiyo kuliko wote walionitangulia, na watu wakawa wanasema mchaguzi yule hata ngozi ya mama yake ataitia mistari mitatu. Nilifurahi kusikia hivyo. Mimi nilisoma madarasa manne na chuo cha Kurani, basi. Nilipopata kitu kimoja ninachokijua nilikikumbatia, labda kupita kiasi.

Yule mama alikuja mwezi wa Rajabu. Alikuwa mjane wa fundi makubadhi, akikaa Kirumba katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mumewe. Watu wa mjini walimjua kwa mafuta yake ya kunukia, ya asumini na ya mawaridi, ambayo aliwapaka maharusi. Lakini harusi huja kwa msimu, na msimu ukiisha yeye alikaa bure. Siku ile alileta kichupa kisichozidi kidole gumba, chenye mafuta ya rangi ya chai. Tajiri akaniita kutoka godauni.

"Fundi, njoo unuse kitu."

Nikanawa mikono, nikaja. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pua yako hiyo tunaisikia mpaka Kirumba."

"Kwa wema au kwa ubaya?"

"Kwa kutisha," akasema, na Tajiri akacheka mpaka akashika meza.

Akatueleza. Hapa mjini, alisema, mwanamume akitaka kunukia hujipaka mawaridi ya mkewe. Yeye alitaka kitu cha wanaume wenyewe. Alikuwa ameloweka mapera yaliyokaushwa na maganda ya nanasi katika mafuta ya ufuta, akatia vipande vya ngozi ya mbuzi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ile ya makubadhi, ikiwa mpya kabisa haijaguswa na mguu. Halafu zabadi kidogo, yale mafuta ya mnyama fungo, ya kuishikilia harufu isikimbie. Mengine hakuyataja, nami sikumwuliza. Ndiyo kazi yake.

"Mapera na viatu," Tajiri akasema. "Mama, atanunua nani?"

"Mwanamume anayetaka kunukia kama ametoka kazini akala tunda njiani. Marehemu alikuwa akirudi nyumbani hivyo, na hata siku moja sikumwambia alale barazani."

Tajiri alikuwa mtu wa tahadhari. Akafikiri, akatoa sharti lake. "Mchaguzi wangu atavaa juma zima. Akisema ni nzuri, nitaiweka kabatini kabla ya Idi, na utaniletea kila mwezi. Akisema si nzuri, yamekwisha. Kwenye ngozi simwingilii, na hapa sitamwingilia."

Nilimsindikiza mama mpaka mlangoni mwa ua. Hapo ndipo aliponiambia lililomleta. Kaka yake wa Tabora alikuwa ametuma neno kwamba baada ya Idi atapanda treni aje kumchukua, na nyumba ya Kirumba itauzwa. Kaka huyo hakuwa mtu mbaya, lazima niandike hivyo. Alimwogopea dada yake njaa, mwanamke peke yake na harusi tatu kwa mwaka.

"Nikiwa na duka la kupelekea mafuta yangu, nitabaki," alisema. "Nisipokuwa nalo nitakwenda kulea wajukuu wa wifi yangu. Sikwambii haya ili unipendelee. Nakwambia ili unuse vizuri."

Nikamwahidi nitanusa vizuri. Na naapa nilijitahidi.

Kwetu mafuta ya kunukia yanajaribiwa hivi: unachovya pamba kidogo, unaipachika katika kikunjo cha sikio, unapaka kwenye kifundo cha mkono na kwenye upindo wa nguo. Unanusa mara tatu: yakiwa bado mabichi, wakati wa adhuhuri mwili ukiwa na joto, na kesho yake asubuhi kwenye nguo peke yake. Nilifuata yote, na niliandika kila siku. Nanakili hapa kama yalivyo.

"Jumamosi. Mabichi: pera lililoiva sana, linalokaribia kulainika. Nanasi liko nyuma yake. Adhuhuri: pera. Nguo asubuhi: utamu mkavu, kama bakuli la sharubati lisilooshwa vizuri. Ngozi sijaisikia."

"Jumapili. Kama jana. Nimezidisha matone. Ngozi sijaisikia."

"Jumatatu. Wabebaji wa godauni wamenizunguka wakinicheka, wanasema fundi leo amekuja na mpera mzima, tupande tuchume. Nimewauliza kama wanasikia ngozi. Mmoja amejibu, ngozi zimejaa hapa mpaka darini, unauliza nini? Hakuna aliyesikia ngozi kwangu. Mashahidi wanne."

Jumatatu hiyohiyo jioni nilirudi nyumbani, mke wangu akachungulia miguuni kwangu kabla hajanipokea fimbo.

"Baba watoto, umenunua viatu?"

"Viatu gani?"

"Nasikia viatu vipya. Viatu vipya na mapera."

"Hiyo ni harufu ya godauni."

"Godauni nalijua, nimelala nalo kitanda kimoja miaka tisa. Hili si godauni."

Sikubishana naye. Nilifungua daftari nikaandika: "Mke wangu asema viatu vipya. Nimetoka kazini moja kwa moja, sijaoga. Ushahidi haufai." Niliona nimetenda haki kubwa. Kesho yake nilioga kwanza, nikabadili nguo, nikachovya pamba upya, nikamwendea. Akasema vilevile, viatu. Nikamwambia anasema hivyo kwa sababu alisema jana, wazo limekwisha kuingia kichwani. Akaendelea kuchagua mchele wake.

"Basi usiniulize," akasema, na hakuniambia neno tena juma lile.

Sijui kwa nini niliwaamini wabebaji wanne kuliko yeye. Labda kwa kuwa walikuwa wanne. Labda kwa kuwa walikubaliana nami.

Ijumaa tukakutana dukani, Tajiri, yule mama na mimi. Mama alikuwa amevaa vizuri, buibui lililopigwa pasi. Nikafungua daftari. Nilikwisha amua kwamba sitaangalia uso wake, kwa maana hata wenye ngozi sikuwaangalia nyuso wakati wa kutia alama.

"Ni matunda matupu," nikasema. "Matunda yenyewe ni mazuri, hayajachacha, na yanadumu kwenye nguo. Lakini mwanamume hatavaa sharubati. Ngozi hamna. Ningeitia daraja la tatu."

"Ngozi hukuisikia kabisa?" mama akauliza.

"Kabisa."

"Hata adhuhuri?"

"Hata adhuhuri."

Akamgeukia Tajiri, sauti yake ikiwa ya kawaida kama anaomba sindano. "Niiongeze ngozi, niilete tena?"

Tajiri alinitazama mimi. Nadhani alitaka nikubali; kwa kweli nina hakika alitaka, maana alikuwa amenyanyua nyusi. Ningesema ndiyo, mambo yangekwisha pale. Nikasema, "Mama, sisi tukishatia alama hairudi mezani. Nikikurudishia wewe, kesho nitawaambia nini watu wa Buswelu?"

"Mimi sikuleta ng'ombe, mwanangu."

"Sheria ni moja."

Alikifunga kichupa, akakisukuma juu ya meza kuja upande wangu. "Kaa nacho. Kimebaki zaidi ya nusu. Vaa siku ukitaka kunukia sharubati."

Usiku ule nililala vizuri. Naliandika hilo kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa linanisumbua kuliko mengine.

Katikati ya Shaabani nilipewa ruhusa niende Sengerema kuezeka nyumba ya mama yangu, ambayo mvua ilikuwa imeanza kuipitia. Nilivuka kwa mashua nikiwa na kifurushi cha kitambaa. Nasema kitambaa kwa makusudi, maana baadaye nilijiuliza kama nilibeba mfuko wa ngozi, sikubeba. Ndani mlikuwa na kanzu yangu moja, ileile niliyoipaka mafuta kwenye upindo, na kile kichupa kimefungwa kwa pamba. Siku nane tulikata nyasi, tukafunga, tukaezeka. Nilinusa nyasi, moshi wa jiko, ziwa upepo ukigeuka, na mihogo iliyolowekwa. Siku ya tisa, Jumatano, kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Nikaoga, nikafungua kifurushi nitoe kanzu.

Mama alikuwa ameinama kwenye chungu. Akainua kichwa. "Nani ameingiza tandiko la punda ndani?"

Nilikuwa nimekwisha kuisikia kabla hajamaliza kusema. Sijui niieleze namna gani. Ilikuwa kama kuingia chumba ulichokijua na kukuta kina mlango mwingine. Pera lilikuwapo, limeiva, linakaribia kulainika, kama nilivyoandika. Lakini halikuwa limesimama peke yake. Lilikuwa limewekwa ndani ya kitu, kama tunda lililosahaulika ndani ya mkoba mpya. Ngozi laini, safi, yenye uchungu mdogo wa magome unaokausha ule utamu usifike kwenye sharubati. Nikapaka tone kifundoni, nikangoja. Mwili ulipopata joto pera likarudi nyuma, ngozi ikaja mbele, na chini yake kabisa kulikuwa na kitu cha mtu, jasho la mtu aliyefanya kazi akaoga. Hiyo nadhani ilikuwa zabadi. Sitaki kusema nilimwona marehemu fundi makubadhi amesimama pale, maana sikuwahi kumjua. Lakini nilielewa kwa nini hakuambiwa alale barazani.

Sikuamini. Nilimwita dada, nikampa mkono. "Ngozi," akasema, "na tunda gani hili, pera?" Nikamwita jirani aliyetusaidia kuezeka. Akanusa, akauliza kama nimefika na askari wa farasi. Nikanusa tena adhuhuri, nikanusa jioni, nikanusa nguo kesho yake asubuhi. Ngozi, ngozi, ngozi.

Nilikaa chini ya paa jipya nikafikiri mpaka chai ikapoa. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikiinamia ngozi, na watu wakisema pua yangu inajua ngozi. Haikuwa hivyo. Pua yangu ilijua kasoro. Nilikuwa nikinusa uozo, ukungu, moshi, chumvi iliyopungua. Ngozi isiyo na kasoro kwangu ilikuwa kimya, na kimya ndicho nilichokiita daraja la kwanza. Ngozi mbichi na ngozi iliyotengenezwa si kitu kimoja, nalijua sana. Lakini ni ndugu, na kule godauni nilikuwa nimeziba masikio kwa ukoo mzima. Yule mama alitengeneza ngozi isiyo na kasoro. Mimi nikasikia kimya, nikaandika hamna.

Na wale mashahidi wanne nao walishinda humo humo ndani ya ngozi. Aliyekuwa nje ya godauni alikuwa mmoja tu, na huyo nilimwandikia kuwa ushahidi wake haufai.

Sitajisifu kwamba niliondoka mbio. Nilikaa siku mbili nikimalizia ukingo wa paa ambao hata dada angeweza kuumaliza, nikiwaza kwamba hakuna anayejua. Alama imetiwa. Jina langu limesimama juu ya kutorudi nyuma. Nikirudi mara moja, kila niliyemkataa atakuja na ngozi yake mkononi, na atakuwa na haki. Hoja hiyo niliigeuza pande zote na bado ilikuwa nzuri. Lakini sheria ile ilitungwa ili aliyenyamaza asidhulumiwe, na aliyenyamaza safari hii alikuwa mama wa Kirumba. Siku ya kumi na moja, alfajiri, nikapanda mashua.

Nilishuka ng'ambo nikaenda kwake moja kwa moja, kabla godauni halijaniingia tena. Nilimkuta uani akifunga vyombo vyake kwa magunia. Baada ya maamkizi nikamwambia yote, nimesimama. Alinisikiliza. Kisha akaingia ndani akatoka na mtungi mdogo, akafunua kitambaa.

"Nusa hiki."

Nikanusa, nikarudisha kichwa nyuma. Ilikuwa kama umevaa godauni shingoni.

"Ni yaleyale mafuta," akasema. "Ulisema ngozi hamna, nikaongeza. Nikanusa mimi, nikaona imezidi. Nikajiambia, mchaguzi wa ngozi ndiye anayejua, si mimi. Nikaongeza tena. Nilitaka nimpelekee Tajiri hata bila wewe. Sasa hata mbuzi mwenyewe hakai karibu. Mafuta yote niliyokuwa nayo yameishia humo."

Nikaurudishia mtungi kitambaa chake.

"Umenifundisha kupika, mwanangu, nawe huna ulimi." Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kweli, akakaa juu ya gunia. "Na mimi nikakuamini! Miaka ishirini nimelala na ngozi, namwamini mtu aliyeziba pua!"

Nikampa kile kichupa. Kilikuwa kimebaki na robo. Ndiyo mafuta mazuri pekee yaliyosalia duniani, nami nilikuwa nimeyavaa juma zima nikiyakashifu. Alikiinua kwenye jua, akakirudisha mkononi mwangu. "Kipeleke kwa yule uliyemwambia," akasema. "Mimi siji tena kusimama pale."

Tajiri alinisikiliza kwa subira, tumesimama mlangoni mwa ua. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Nilipomaliza, akachukua kichupa, akajipaka kifundoni, akanusa mara tatu. Akatikisa kichwa.

"Matunda," akasema. "Fundi, ulisema kweli ile mara ya kwanza. Huruma imekushika huko Sengerema."

Nilitazama juu, nikaona dirisha la chumba chake cha kulala limefunguka juu ya ua, juu ya ngozi zote zile. "Tajiri," nikasema, "wewe unalala juu ya godauni. Mimi nimekaa mbali nalo siku kumi na moja tu. Wewe hujakaa mbali nalo tangu uzaliwe."

Hakukasirika, lakini alikunja uso. "Kwa hiyo mimi sijui kunusa?"

"Hatujui, wewe na mimi."

"Na nikikuamini leo, kesho ukiingia godauni utasema nini?"

"Nitasema matunda matupu. Ndiyo maana usiniulize mimi tena. Muulize mtu wa nje."

"Nani?"

Nikamtaja mke wangu, kwa kuwa ndiye niliyemdhulumu wa kwanza baada ya mama. Lakini yeye alikwisha ijua habari tangu juma lile la kwanza, na Tajiri angesema nimemfundisha. Hapo nikakumbuka kwamba ilikuwa Ijumaa. Nikachovya pamba, nikampa. "Vaa sikioni uende msikitini. Usimwambie mtu kitu, usimwulize mtu kitu. Rudi uniambie."

Aliivaa, kwa shaka tele. Nilimsubiri barazani mwa duka, nikakataa kuingia godauni ingawa wabebaji waliniita mara mbili. Aliporudi alikuwa anatembea polepole, akijitazama miguu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya siku zote, vilivyopinda visigino.

"Watu watatu," akasema. "Watatu wameniangalia miguu. Wa tatu ameniuliza nimepata wapi viatu vipya, na pera limebaki mfukoni?"

Akanirudishia kile kichupa. Halafu akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari, "Mwambie mama dazeni moja kabla ya Idi. Na wewe usimsaidie."

Sikumsaidia. Aliyemsaidia ni mke wangu. Mwezi mzima wa Ramadhani, kila alasiri, alikwenda Kirumba, wakiloweka, wakichuja, wakilinganisha na yale matone ya kwenye kichupa mpaka yakaisha, na baada ya hapo wakilinganisha na kumbukumbu. Nilikwenda mara moja kuwapelekea kuni. Mama akaniona mlangoni, akanyoosha kidole. "Wewe baki hapo hapo! Usinuse!" Mke wangu alicheka mpaka akamwaga ufuta. Nyumbani alinikumbusha neno langu la "ushahidi haufai" kila nilipomwuliza kama chumvi imetosha, na ninakubali kwamba alikuwa na haki ya kufanya hivyo hata mfungo wa mwaka uliofuata.

Yale ya pili, aliniambia, hayakuwa sawasawa na ya kwanza. Pera lilikuwa bichi kidogo zaidi, na magome yalisikika mapema. Mama mwenyewe alisema ya kwanza yalikuwa bora. Mimi kwa pua yangu siwezi kupima, na hilo nimelichukua kama fungu langu: kile kilichopotea ndani ya mtungi ule kilipotea, na aliyekipoteza ni mimi.

Kaka wa Tabora alifika siku ya pili ya Idi. Nilikutana naye Kirumba, mtu mpole mwenye kikohozi, ameketi barazani akinywa chai, na magunia ya dada yake yamefunguliwa, vyombo vikiwa vimerudi mahali pake. Vichupa vya dukani vilikuwa vimekwisha tangu siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na Tajiri alikuwa ameagiza vingine. Kaka aliuliza maswali mengi, ya haki, na kujibiwa. Alirudi kwao na treni, peke yake, akiwa na kichupa mfukoni.

Na mimi nilipewa kimoja. Mama alinikabidhi pale barazani mbele ya mgeni wake.

"Vaa," akasema, "lakini usiseme neno."

Nilikivaa hapo hapo, pamba sikioni. Nilikuwa nimerudi godauni mwezi mzima na zaidi, na nilichosikia ni pera, pera lililoiva vizuri, basi. Sikusema neno. Nikaaga, nikashika njia ya mjini katikati ya watu wa sikukuu, nikitembea taratibu kuliko desturi yangu, nikiangalia ni nani atakayetazama miguu yangu.